Frosini, Mbeba Udongo wa Kastro

Mwaka Waturuki walipopiga kambi mbele ya Kastro, mji wa bandari wenye ukuta mnene, Frosini alikuwa mtoto wa miaka tisa, mwembamba kama ufito na mbishi kupindukia. Baba yake, Yorgis, alikuwa fundi wa mapipa karibu na bandari. Mama yake alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Dada yake Anezina, aliyemzidi kwa miaka minane, ndiye aliyemlea mgongoni, na ndiye aliyeolewa baada ya mavuno ya zabibu yaliyopita, akapelekwa Aloni, kijiji cha mwendo wa nusu siku kwa miguu. Siku ya harusi Frosini alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Anezina alimfuta kamasi kwa ncha ya shela lake akamwambia, "Kwani naenda kuzimu? Pasaka mtakuja kunitembelea. Nitakupikia konokono mpaka uombe msamaha."

Kabla ya Pasaka lango lilifungwa.

"Tutakwenda mambo yakitulia," alisema baba.

Mambo hayakutulia. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, ukaisha nao. Mizinga ya Waturuki iliamka asubuhi pamoja na majogoo, na majogoo walipokwisha kuliwa iliamka peke yake. Upande wa bahari ulibaki wazi. Merikebu za Venisi, waliokuwa watawala wa mji, ziliingia na unga, baruti na askari, zikatoka na majeruhi. Kwa hiyo Kastro haikufa, wala haikupona. Ilikuwa kama mgonjwa ambaye ndugu wamechoka kumwuguza lakini hawathubutu kumzika.

Mama yao alijizoesha kupanda ukutani kila alasiri mizinga inapopumzika. Alikaza macho kwenye vilima vya kusini, mkono juu ya paji la uso.

"Ule moshi ni wa Anezina," alikuwa akisema. "Anachoma matawi ya mizabibu."

"Mama Anezina," mumewe alimjibu, "moshi hauandikwi jina."

"Wewe hujui. Mwanangu huwasha moto vibaya. Tazama unavyokwenda upande."

Frosini alitazama, akaona moshi unaokwenda upande, akaamini. Hata alipokuwa mtu mzima, kila moshi uliopinda aliuita wa Anezina.

Kisha ikaja tauni. Ilimchukua baba kwanza, halafu mama, katika juma moja, na Frosini akabaki na nyumba ya chumba kimoja yenye mapipa yasiyo na vifuniko. Jirani yake Marieta, mjane mnene mwenye sauti ya mwadhini ingawa alikuwa Mkristo wa kufunga na kusali, alimshika mkono akampeleka kunako kazi. Kazi yenyewe ilikuwa udongo. Kila siku mizinga ilibomoa ukuta, na kila siku ulitakiwa udongo wa kuziba. Wanaume waliokuwa wazima walishika bunduki au sururu. Wanawake walibeba vikapu. Jioni walipewa mkate mkavu wa shayiri, mgumu kiasi kwamba Marieta alisema ungefaa zaidi kupachikwa ukutani.

"Frosini, beba kama mtu!" alimpigia kelele siku za mwanzo. "Usitembee kama bibi harusi. Risasi hazimsubiri anayeringa!"

Akazoea. Mabega yakaota sugu, shingo ikakakamaa, na akajifunza kutofautisha mlio wa jiwe linalopita na mlio wa jiwe linalokuja.

*

Miaka ikaenda, na vita vyenyewe vikashuka chini ya ardhi. Waturuki walichimba kuelekea ukutani ili wazike baruti chini yake na kuurusha hewani. Watu wa ndani nao walichimba kuwaendea, ili wawarushe wao kwanza. Udongo wa mashimo hayo ulitolewa kwa vikapu, na vikapu vilibebwa na wanawake. Hivyo ndivyo Frosini alivyokutana na Manusos.

Alitoka shimoni siku moja, mweusi kwa vumbi tangu nywele hadi vidole, akasimama kumtazama anavyojitwisha.

"Dada, huo unaobeba ni udongo wangu," alisema. "Nimeutoa kwa kucha zangu."

"Kama ni wako, njoo ubebe mwenyewe."

"Ningekuja, lakini nikisimama wima kichwa kinazunguka. Nimezoea kutambaa."

"Basi tambaa nao."

Manusos akacheka, meno yakaonekana, na Frosini akajikuta akicheka pia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tauni. Walioana katika kanisa ambalo nusu ya paa lilikuwa limeanguka, na mvua ikanyesha juu ya taji zao za maua, na Marieta akasema hiyo ni baraka. Walipata mtoto mmoja wa kike. Akaishi mpaka akajua kuita "baba", kisha ndui ikamchukua.

Manusos hakuwa mtu wa kusimulia kazi yake. Alirudi, akala, akalala kwa upande, magoti yamekunjwa kifuani, kana kwamba hata kitandani mahali palikuwa padogo. Lakini asubuhi moja, jua limeshapanda, aliingia akaketi kizingitini bila kunawa.

"Umekula?" mkewe aliuliza.

"Nimewasikia wakiongea, Frosini."

"Waturuki?"

"Siyo Waturuki. Wetu." Akalamba midomo yenye vumbi. "Nilikuwa nimeweka sikio kwenye ukuta wa shimo. Mmoja alimwambia mwenzake, 'Sogeza taa, pumbavu wewe, unaniunguza sikio.' Kwa lugha yetu. Kwa ile lafudhi ya vijijini, wanavyoyavuta maneno. Yule mwenzake akacheka."

Frosini aliweka chini sufuria aliyoishika. Kila mtu Kastro alijua kwamba Waturuki waliwakamata watu wa vijijini wakawapa majembe. Kujua ni kitu kimoja, kusikia ni kingine.

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia msimamizi. Akaniambia, 'Lugha yao haikuhusu, linalokuhusu ni baruti.'" Manusos alitazama mikono yake. "Tulipokuwa tunatega alikuwa bado anacheka. Alikuwa na kicheko cha mvulana."

Kisha akajilaza na viatu vyake. Frosini alimvua, akamwosha miguu kwa maji ya kisima, na akamfikiria shemeji yake wa Aloni aliyemwona siku ya harusi tu, mwanamume mwenye masikio makubwa. Angekuwa mzee sasa, asiye na kicheko cha mvulana. Wazo hilo likamtuliza. Hakujua kama dada yake alijaliwa watoto, kwa hiyo hakuwafikiria.

*

Manusos alikufa katika masika ya mwisho ya vita, chini ya buruji la Mtakatifu Andrea, ile pembe ya ukuta ambapo Waturuki walikuwa wamekazana.

Frosini alikuwa kwenye mstari wa wabeba vikapu. Ardhi ilipanda na kushuka chini ya nyayo zake kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, na kabla mlio haujafika alikuwa amekwisha kujua umetoka wapi. Alikimbia na kikapu kichwani, hakukumbuka kukitua. Mdomo wa shimo ulikuwa ukitoa moshi. Msimamizi wa wachimbaji, Mvenisi mfupi aliyejifunza Kigiriki chao kwa matusi kwanza, alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia mkononi.

"Manusos yuko zamu gani?" Frosini aliuliza.

"Rudi nyumbani, mama."

"Nimekuuliza zamu gani."

"Hii."

"Basi chimbeni! Mnakaa nini? Chimbeni, mimi nitabeba!"

"Tukichimba hapa tutatokea mikononi mwao," msimamizi alisema, na sauti yake haikuwa ya matusi. "Njia hiyo imekuwa yao sasa. Nimeamriwa niizibe kabla hawajapita."

"Na kama yuko hai?"

Mvenisi aliivaa kofia yake, akainuka, akaita vikapu.

Waliiziba. Udongo ulihitajika, na wabebaji walikuwa wale wale. Marieta alijaribu kumpokonya kikapu.

"Kaa chini, mwanangu. Hii siyo yako kubeba."

"Siwezi kukaa."

"Basi nenda kanisani."

"Siwezi kukaa, Marieta. Nipe."

Akabeba. Alikwenda na kurudi, akamwaga udongo juu ya njia aliyopita mumewe asubuhi ile na mkate kwenye mfuko, na kila alipoinama kumwaga alitega sikio. Hakusikia kitu. Ulipojaa mpaka juu, wanaume wakaukanyagakanyaga ushikamane, na mwanamke mmoja akamtoa pale kwa kumsukuma taratibu, kama anavyosukumwa ng'ombe anayekataa kuacha ndama.

Kiangazi kile Wavenisi walikubali kushindwa. Ilitangazwa kwamba mji utakabidhiwa. Anayetaka kuondoka atachukuliwa na merikebu pamoja na mali yake, na anayetaka kubaki abaki. Watu hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Walifungasha sanamu za watakatifu, sufuria, milango, mifupa ya wazazi wao katika magunia. Kengele ziliteremshwa minarani zikaburutwa mpaka gatini.

"Mzigo wako uko wapi?" Marieta alimwuliza, jasho likimtiririka.

"Sina mzigo."

"Usinichezee. Merikebu zinajaa. Twende Korfu, twende Zante, twende popote wanapotupeleka, si watatupa mkate?"

"Mimi nabaki."

"Unabaki na nani? Na panya?"

"Lango linafunguliwa, Marieta. Nina dada huko nje."

"Dada! Baada ya miaka ishirini na zaidi!" Marieta alijipiga paja. "Labda amekufa. Labda amesilimu. Labda hakutaki!"

"Labda."

"Na ukifika usimkute?"

"Nitakuwa nimefika."

Marieta akaketi juu ya bunda lake, akavua viatu. "Chukua. Vyako ni kamba tupu. Huku hatukuhitaji viatu, mji wenyewe unauzunguka kabla uji haujapoa. Huko uendako kuna barabara." Akaanza kulia kwa sauti yake ile ile kubwa, watu wakageuka, naye akawafokea wasimtazame. Akapanda merikebu akiwa miguu mitupu.

Walibaki wachache sana: makasisi wawili wazee walioshindwa kupanda ngazi ya merikebu, na wengine waliokuwa na sababu zao. Jambo lililomtisha Frosini ni ukimya. Tangu utotoni hakuwa amesikia Kastro isiyo na mlio. Mlango uliogongwa na upepo mtaa wa pili ulimfanya ajitupe chini ukutani, mikono kichwani, na akakaa hivyo mpaka akaona haya.

Alitoka kupitia ufa wa ukuta, juu ya rundo la mawe. Askari wa Kituruki aliyekuwa akilinda pale alikuwa kijana mwenye mguu uliofungwa matambara. Alimtazama mwanamke huyu mwembamba mwenye mvi za mapema, akasema neno ambalo Frosini hakulielewa, akasogeza bunduki yake apite.

Nje hapakuwa na mti hata mmoja. Yote ilikuwa imekatwa. Njia ilipita kati ya mahandaki na makaburi, na Frosini alitembea akihesabu moyoni mahali ambapo chini yake pangekuwa Manusos, akakosea, akarudi, akakosea tena, mwisho akapiga ishara ya msalaba katikati ya njia na kuendelea. Miguu yake haikujua kupanda kilima. Alipoufikia mzeituni wa kwanza ulio hai aliushika kwa mikono miwili akapumua. Alikuwa amesahau kwamba jani la mzeituni ni la kijani juu na la fedha chini.

*

Huko Aloni alimkuta mwanamke mpana, kitambaa cheusi kichwani, amejiingiza nusu mwili ndani ya pipa analolisugua.

"Unamtafuta nani, mama?" alisema yule mwanamke kutoka ndani ya pipa.

"Anezina binti Yorgis."

"Ndiye mimi. Kama umetumwa na wa kodi, pipa hili ni tupu na lile lina ufa."

"Dada."

Kusugua kukakoma. Anezina alitoka pipani polepole, akamkagua kuanzia viatu vikubwa vya Marieta mpaka usoni.

"Mdogo wangu alikufa kwa tauni pamoja na mama. Aliniambia mtu aliyetoroka huko."

"Walikufa baba na mama. Mimi ilinikataa."

"Mwongo wewe."

"Ulinifuta kamasi kwa shela, mama mkwe wako akakukaripia kwamba ni shela lake."

Brashi ikaanguka. Anezina alimkumbatia na mikono yake yenye maji machafu, akampiga mgongoni kwa viganja, akampiga tena. "Mbona umezeeka hivi, shetani wewe! Mimi ndiye mkubwa! Nani alikupa ruhusa ya kuzeeka kabla yangu?" Wakaketi chini pale pale katikati ya mapipa, wakalia mpaka kuku wakazoea wakaanza kuwadonoa vidole.

Mchana ule walikula konokono waliopikwa kwa mafuta na siki, na mkate uliochovywa kwenye divai mpya. Frosini alikula kama mtu anayeogopa sahani itaondolewa. Anezina aliongea kwa wawili. Mumewe alikuwa amekufa kwa kuhara, wakati jeshi lilipokuwa limejaa kijijini na maji ya kisima yakawa hayanyweki. Zeituni zao zilikatwa kuni. Alizaa wavulana wawili, Yakumis na Sifis.

"Huyu ndiye Sifis," alisema, maana kijana alikuwa ameingia wakati huo, mrefu, anayechechemea. "Msalimu mama yako mdogo."

"Shikamoo, mama mdogo," alisema Sifis, akaketi mbali kidogo na meza.

"Na Yakumis?" Frosini aliuliza, akaona mara moja kwamba hakupaswa kuuliza.

"Walikuja kuchukua vijana nyumba kwa nyumba," alisema Anezina. "Nikawaambia nina wawili, chukueni mmoja, mwanamke mjane anatakiwa abakiziwe mkono mmoja. Wakachukua wote wawili. Wakawapa majembe na mtu wa kusimama nyuma yao. Yakumis alikuwa mcheshi, tangu mdogo, huwezi kumpiga kwa sababu atakuchekesha kwanza. Wenzake wanasema hata shimoni alikuwa hivyo hivyo. Watu wa ndani wakawarusha. Sifis alikuwa ametumwa nje kuchukua mafuta ya kutilia taa." Alifuta meza iliyokuwa safi. "Hatukupata hata kiatu."

Frosini aliweka mkate chini. Vijana wanaocheka ni wengi, alijiambia. Vijijini kote wako vijana wanaocheka.

"Mama mdogo," Sifis alisema, pengine ili kubadilisha maongezi, "nawe uliolewa huko?"

"Niliolewa."

"Yuko wapi?"

"Amekufa. Masika haya."

"Pole, mdogo wangu, pole sana," Anezina alisema, akamshika mkono. "Alikuwa na kazi gani?"

Angeweza kusema fundi wa mapipa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amebeba udongo ule kwa mikono yake mwenyewe, na kumkana Manusos mezani kulikuwa kama kumwaga kikapu kingine.

"Alikuwa mchimbaji."

"Wa visima?"

"Siyo wa visima, dada."

Anezina hakuutoa mkono wake kwa ghafla. Aliutoa kidole kimoja kimoja. Kisha akainuka, akatoka nje, na wakamsikia akianza kusugua pipa lile ambalo alikuwa amekwisha kulisugua.

Aliporudi, jua likiwa limeinama, alisimama mlangoni. "Hapa utakaa," alisema. "Sikufukuzi, damu haifukuzwi. Kitanda cha Yakumis kipo, lala hapo. Lakini huyo mtu wako usimtaje ndani ya nyumba hii. Sitaki kujua alikuwa mwema. Najua alikuwa mwema, usingemlilia. Usiniambie."

"Sawa, dada."

Hivyo ndivyo walivyoishi, siku zikawa miaka. Frosini alijifunza kupogoa mizabibu, kuchuma mboga za mwitu, kuwasha moto. Moto wa Anezina kweli ulikwenda upande. Walitaniana juu ya mama mkwe wa Anezina, walinung'unikia kodi, waligombana juu ya chumvi. Ilipofika siku ya kumkumbuka Yakumis, Anezina alichemsha ngano ya wafu, ile inayobarikiwa kanisani, na Frosini akamsaidia kuchambua zabibu kavu. Ilipofika siku ya Manusos, Frosini alitoka kwenda kuokota kuni, akarudi na kuni chache na macho mekundu, na dada yake akasema kuni hazitoshi. Kumwombolezea mtu bila kumtaja ni kazi. Aliogopa kwamba siku moja atatafuta sauti yake Manusos asiipate, na kweli siku hiyo ilikuja, alikuwa akichota maji, akasimama na ndoo akijaribu kusikia jinsi alivyosema "udongo wangu", isije.

Sifis alizungumza mara moja tu. Walikuwa wakipogoa, wawili tu.

"Mama mdogo, masika yale ya mwisho nilikuwa Mtakatifu Andrea. Nilikuwa chini."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Hujawahi kunitazama usoni tangu nije."

Sifis alikata tawi ambalo halikustahili kukatwa. "Sikujua nani yuko upande wa pili. Tulisikia sururu tu."

"Naye hakujua."

"Unanichukia?"

Frosini alifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu kijana alistahili jibu la kweli. "Asubuhi nyingine," alisema. "Ikifika mchana inakuwa imepita. Nipe hicho kisu, unaharibu mzabibu wa mama yako."

Baada ya hapo Sifis aliweza kumtazama, na alipooa na kupata binti, akampa jina la Frosini. Anezina hakulipinga jina hilo. Alisema tu kwamba mtoto atakuwa mbishi.

Anezina alikuwa amekwisha kuzeeka, goti moja halikunjiki, Jumamosi ile ya Wafu, siku ya kuwaombea marehemu, mwaka ambao theluji ilibaki milimani mpaka mwishoni mwa Februari. Walikwenda kanisani wakishikana mikono kwa sababu ya utelezi, kila mmoja na bakuli lake la ngano. Wanawake walijipanga. Padri Meletis, aliyekuwa kiziwi wa sikio moja, aliwauliza majina ya wafu wao mmoja mmoja ili ayasome.

"Yorgis," alisema Anezina, "na mke wake. Nikolos, mume wangu. Yakumis, mwanangu."

"Basi?" padri aliuliza, kama alivyouliza kila mwaka.

Kila mwaka Anezina alijibu "basi" akasogea. Safari hii hakusogea. Waliokuwa nyuma walianza kusukumana kwa baridi. Alimgeukia mdogo wake, uso umekunjamana kwa hasira, au kwa maumivu ya goti.

"Alikuwa anaitwa nani, huyo wako?"

Frosini alilitaja jina kwa sauti ya chini.

"Manusos."

"Sema kwa nguvu, padri hasikii."

"Manusos!"

"Umesikia, baba?" Anezina alimwambia padri. "Mweke na wetu."

Padri Meletis aliwasoma wote kwa mkupuo mmoja, kama ilivyokuwa desturi yake, bila kuvuta pumzi kati ya jina na jina. Frosini alisimama na bakuli mikononi, machozi yakimdondokea ndani ya ngano, na hakuwa na mkono ulio wazi wa kuyafuta.

Njiani kurudi, karibu na nyumbani Anezina alisimama kupumzisha goti, akachota ngano kidogo kwa vidole, akatafuna, akatema ganda.

"Haikuiva," alisema. "Nilikwambia uiloweke tangu juzi."

"Niliiloweka, dada."

"Hukuiloweka."

Wakaendelea kupanda.